Kufuta, Kuondoa na Kurejesha: Istilahi za Kutengeneza Kompyuta Iliyokwamishwa na Kingavirusi

1.0 Utangulizi

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, yanaeleza kinachotokea ndani ya kompyuta ya nyumbani pale mwenyewe anapojaribu kuondoa programu ya kuzuia virusi na kazi hiyo ikakwama katikati, na namna ya kuitengeneza kompyuta hiyo. Pili, yanachunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika katika kazi hiyo, na kuonyesha kuwa baadhi ya hasara anazopata mtumiaji huletwa na maneno kuliko mashine.

Shabaha hii ya pili ndiyo inayoipa mada hii nafasi katika jarida la lugha. Fundi na mwenye kompyuta wanapozungumza, aghalabu hutumia kitenzi kimoja, kufuta, kwa vitendo vitatu visivyofanana, na kitenzi kimoja, kurejesha, kwa vitendo vinne. Katika mazungumzo ya kawaida ukosefu huu wa mipaka hauna madhara makubwa. Lakini mtu aliyekaa mbele ya kompyuta iliyogoma kuwaka, akaambiwa “rejesha”, naye akachagua kitendo kisichokusudiwa, anaweza kupoteza picha za arusi ya ndugu yake, hesabu za duka za miaka mitatu, au tasnifu ya mwanawe, na asizipate tena.

Istilahi zinazopendekezwa humu ni za mwandishi. Zinatolewa ili zijadiliwe. Hazijapitishwa na kamati yoyote.

2.0 Kirusi na Kingavirusi

2.1 Neno virusi liliingia katika Kiswahili kwa njia ya tiba kabla ya kuhamia katika kompyuta. Kwa kuwa silabi yake ya kwanza imefanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, wasemaji wameliundia umoja, kirusi, ijapokuwa katika lugha lilikotoka silabi hiyo si kiambishi. Wapo bado wasemao virusi hii na virusi hizi, lakini jozi ya kirusi na virusi imekwisha kuota mizizi, nayo inapatana na sarufi yetu. Hapana sababu ya kuipinga.

Uhamisho wa neno hilo kutoka tiba kwenda kompyuta haukufanywa na Waswahili. Mwaka 1983, Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alifanya majaribio ya programu yenye uwezo wa kujinakili ndani ya programu nyingine. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyeipa jina la kirusi. Mwaka 1986 kikaenea kirusi kiitwacho Brain, kilichotungwa na ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistani. Kirusi hicho kilikaa katika sehemu ya diski laini inayosomwa kwanza mashine inapowashwa. Tangu hapo biashara ya programu za kuzuia virusi ikaanza kukua.

2.2 Programu hizo tuziiteje? Majina mawili yanashindana. La kwanza ni kiuavirusi, linalofuata kigezo cha kiuatilifu, kiuagugu na kiuavijasumu. La pili ni kingavirusi.

Uundaji wa kiuavirusi ni mzuri, lakini maana yake ni finyu mno. Programu hizi haziui tu. Kazi yao kubwa ni kusimama mlangoni: kila faili inapofunguliwa, hukaguliwa kwanza, ikishukiwa, huzuiwa isifanye kazi au huwekwa karantini, yaani hutengwa mahali ambapo haiwezi kudhuru wala haijafutwa. Kuua ni hatua ya mwisho. Neno kinga linachukua maana zote hizo. Aidha, neno hili linamkumbusha mtumiaji kwamba kinga hukaa ndani ya mwili, nayo haitoki bila kugusa viungo vingine. Kumbusho hilo, kama tutakavyoona, ndilo kiini cha tatizo lote. Kwa sababu hizo makala haya yanatumia kingavirusi, katika ngeli ya I-ZI: kingavirusi hii, kingavirusi hizi.

3.0 Kwa Nini Kingavirusi Haiondoki kwa Urahisi

3.1 Tuchukue mfano ulio wa kawaida katika nyumba nyingi. Kompyuta imenunuliwa ikiwa na mfumo endeshi wa Windows, na ndani yake imo kingavirusi ya majaribio ya siku chache. Muda wa majaribio umekwisha, na kila siku linatokea tangazo la kudai malipo. Mwenye kompyuta anapata kingavirusi nyingine na anaamua kuondoa ile ya kwanza. Anaanza kazi, na katikati umeme unakatika. Anapoiwasha tena, kompyuta inakwenda polepole, intaneti haipatikani, na kingavirusi ya zamani haimo tena katika orodha ya programu, ingawa dalili zote zaonyesha kuwa bado ipo.

Ili kuelewa jambo hili, hatuna budi kuanza na kitenzi kusakinisha. Mzizi wake ni sakini, yaani kukaa mahali na kufanya maskani. Programu iliyosakinishwa imefanyiwa maskani: haikuwekwa tu katika folda moja kama kitabu juu ya rafu, bali imegawanywa vyumbani. Sehemu moja hukaa katika folda yake. Sehemu ya pili huandikwa katika daftari kuu la mfumo. Sehemu ya tatu, hasa kwa kingavirusi, huingizwa katika kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayotawala kumbukumbu, diski na vifaa vyote.

3.2 Daftari hilo kuu wengine huliita sajili na wengine rejista. Mwandishi anapendekeza tulitazame tena neno masjala, ambalo kila aliyefanya kazi katika ofisi za serikali analijua. Masjala ni mahali yanapotunzwa majalada pamoja na kumbukumbu ya kila jalada: namba yake, lilipo, na nani amelichukua. Ikiwa mtu atalichoma jalada lakini asiondoe kumbukumbu yake, karani ataendelea kulitafuta kila linapohitajika, na kazi ya ofisi itasimama kwa kungojea kitu kisichokuwapo. Hivyo ndivyo hasa kompyuta inavyofanya. Masjala ya mfumo ikisema kuwa sehemu fulani ya kingavirusi lazima ipakiwe mashine inapowaka, na faili ya sehemu hiyo imekwisha kufutwa, mfumo utaitafuta bila kuipata. Ikiwa sehemu hiyo ilikuwa ya lazima katika kuwaka, mashine haitawaka kabisa.

3.3 Sehemu inayoingizwa katika kiini huitwa na mafundi draiva. Wengine wamejaribu kusema kiendeshi, lakini neno hilo hilo hutumika kwa chombo cha kusomea diski, na katika sentensi moja vitu viwili huchanganywa. Yafaa kiendeshi kibaki kwa chombo, na programu inayounganisha kiini na kifaa iitwe kiendeshakifaa. Kingavirusi, hata hivyo, haiendeshi kifaa chochote. Hujiweka katikati ya njia, kati ya programu na diski, au kati ya programu na intaneti, na kila kipitacho hukichuja. Kwa hiyo jina linaloifaa sehemu hii ni kichujio. Kichujio kikiondolewa vizuri, njia huunganishwa tena. Kikikatwa bila kuunganisha njia, hakuna kinachopita. Hii ndiyo sababu, baada ya kingavirusi kuondolewa vibaya, intaneti hupotea ilhali waya ni mzima na simu katika nyumba hiyo hiyo zinaipata.

3.4 Hatari ya kukaa ndani ya kiini imeonekana pia mahali ambapo hakuna aliyejaribu kuondoa chochote. Tarehe 21 Aprili 2010, masahihisho ya kingavirusi ya McAfee yaliichukulia faili halali ya Windows XP kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma. Tarehe 19 Julai 2024, masahihisho yenye kasoro ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike yaliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Safari za ndege ziliahirishwa na hospitali zikakwama katika nchi nyingi. Tiba ya mwaka 2024 ilikuwa kuiwasha kila mashine katika hali ya pekee na kufuta faili moja tu. Mlinzi anayekaa chumbani akiugua, nyumba nzima hulala nje.

3.5 Liko jambo la nne. Kingavirusi hujilinda. Kwa kuwa kirusi hodari hujaribu kwanza kumwondoa mlinzi, watungaji wa kingavirusi huziwekea faili zao ulinzi ili zisifutwe na yeyote. Mwenye kompyuta anapojaribu kuifuta folda yake kwa mkono, huambiwa kuwa hana ruhusa, ingawa mashine ni mali yake. Programu haiwezi kutofautisha mkono wa mwenye nyumba na mkono wa mwizi.

4.0 Kufuta, Kuondoa na Kuumbiza

4.1 Sasa tuvitenge vitendo vitatu vinavyobebwa na neno kufuta.

Kitendo cha kwanza ni kufuta faili: picha, barua au wimbo. Hiki ndicho kitendo cha asili cha neno hili, kama tunavyofuta maandishi ubaoni. Kufuta folda ya kingavirusi ni kufuta maandishi ya chumba kimoja na kuyaacha ya vyumba vingine.

Kitendo cha pili ni kuitoa programu pamoja na kumbukumbu zake katika masjala na vichujio vyake katika kiini. Kinyume cha kusakinisha kinatafutwa. Kiswahili kina kiambishi kizuri cha kinyume: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Kwa kufuata njia hiyo limeundwa neno sanidua kutokana na sanidi. Uzito wake ni kwamba kiambishi hiki kimezoea mizizi ya Kibantu. Mizizi iliyotoka katika Kiarabu hukipokea kwa shida, na hatusemi aminua wala hesabua. Hata hivyo sanidua ni neno fupi, halina maana nyingine, na limekwisha kutumika katika simu. Liachwe kwa matumizi ya kitaalamu. Kwa matumizi ya jumla, kuondoa programu latosha, maadam lisichanganywe na kufuta.

Wapo wanaopendelea kung'oa. Mwandishi analiona kuwa lafaa kwa maana moja maalumu: kutoa mabaki ya programu baada ya kuondoa kwa kawaida kushindwa. Muhogo uliokatwa shina hung'olewa kwa jembe. Vivyo hivyo kingavirusi iliyokatika katikati haiondolewi tena kwa njia ya kawaida, kwa kuwa chombo chake cha kujiondoa nacho kimekatika. Hung'olewa kwa chombo kingine.

4.2 Kitendo cha tatu ni kuitayarisha diski upya ili iandikwe kana kwamba ni mpya, kitendo kinachoitwa kuumbiza, au kufomati katika kinywa cha mafundi. Hapa pana msemo wa mitaani unaostahili kuangaliwa: kupiga Windows. Fundi husema, “Hii lazima ipigwe Windows,” na mteja huitikia, akidhani ni kama kupiga pasi au kupiga rangi, yaani kazi ya juu juu. Mara nyingi kinachofanyika ni kuumbiza diski na kusakinisha mfumo upya, na kila kilichokuwamo katika diski hiyo hupotea. Mteja hakudanganywa, aliambiwa kwa neno ambalo halina habari ndani yake. Msemo huu hauwezi kupigwa marufuku, na si kazi yetu kupiga marufuku. Lakini yafaa mafundi wazoezwe kuuliza swali moja kabla ya kuupiga huo Windows: “Je, una nakala?”

5.0 Hatua za Kutengeneza

5.1 Hatua ya kwanza ni kutunza mali kabla ya kutengeneza nyumba. Ikiwa mashine bado inawaka, faili zote za thamani zinakiliwe katika flashi au diski ya nje. Nakala hiyo huitwa nakala rudufu. Jina nakala ya akiba nalo lafaa, na mtu asiye mtaalamu huelewa upesi zaidi kwa nini aitengeneze, kwani akiba haiozi.

5.2 Hatua ya pili ni kuipa njia ya kawaida nafasi nyingine. Mashine ikiwaka, kingavirusi ile ile, ya toleo lile lile, yaweza kusakinishwa tena juu ya mabaki yake, kisha ikaondolewa kwa utaratibu. Msomaji ataona ajabu kuambiwa aingize anachotaka kukitoa. Sababu yake ni kwamba usakinishaji mpya hukiunda upya chombo cha kuondolea kilichokuwa kimekatika, na chombo hicho ndicho kinachojua vyumba vyote.

5.3 Hatua ya tatu, iwapo ya pili imeshindikana, ni kung'oa. Watungaji wa kingavirusi, kama vile Avast, ESET na McAfee, hutoa bure programu maalumu ya kutoa mabaki ya bidhaa zao. Programu hiyo lazima ichukuliwe katika tovuti ya mtungaji mwenyewe, na si penginepo, kwa sababu wako walaghai wanaotoa virusi kwa jina la dawa. Ikiwa intaneti ya mashine imepotea, ipakuliwe kwa kompyuta nyingine na kuletwa kwa flashi.

Programu nyingi za namna hii hutumika mashine ikiwa katika hali ambayo wengi huiita hali salama. Katika hali hiyo Windows hupakia sehemu za lazima tu na kuviacha vichujio vya nje, kwa hiyo kingavirusi huwa haijaamka na haiwezi kujilinda. Istilahi hii yahitaji kuangaliwa. Mtu akisikia hali salama hudhani kuwa yumo katika ulinzi zaidi, na pengine akaanza kufungua mtandao kwa furaha. Ukweli ni kinyume: mlinzi kalala. Usalama unaotajwa ni wa mashine katika kuwaka, wala si wa mtu katika kutumia. Mwandishi anapendekeza hali ya msingi, jina linalosema kile kilichopo, yaani misingi mitupu.

Kuingia katika hali hiyo hakufanani katika matoleo yote. Katika Windows 10 na 11, mtumiaji hushikilia kitufe cha herufi kubwa huku akichagua kuwasha upya. Kisha hufuata njia ya utatuzi hadi katika mipangilio ya kuwaka, na hapo hubonyeza namba 4, au namba 5 akihitaji mtandao. Mashine isiyowaka kabisa, baada ya kushindwa mara kadhaa mfululizo, hufungua yenyewe ukurasa huo wa utatuzi. Ikiwa diski imefungwa kwa usimbaji, yawezekana mashine ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe na kuandikwa pembeni kabla kazi haijaanza.

Yafaa kutaja pia kuwa njia ya kawaida ya kuondoa programu aghalabu haifanyi kazi katika hali ya msingi, kwa kuwa huduma ya Windows inayosakinisha na kuondoa programu haiamshwi humo. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani mashine imeharibika zaidi. Haikuharibika, ni chombo maalumu tu ndicho kinachotakiwa.

5.4 Hatua ya nne ni kukagua kilichoachwa. Mambo matatu huangaliwa. Kwanza, faili za mfumo wenyewe: amri ya sfc /scannow huzikagua faili za Windows zinazolindwa na kuzibadili zilizoharibika. Amri za namna hii hazitafsiriwi, kwa kuwa mashine huzisoma herufi kwa herufi. Kazi yetu ni kutafsiri maelezo yake tu. Pili, njia ya intaneti: ikiwa bado imeziba, mipangilio ya mtandao ya Windows huwekwa upya ili alama za kichujio cha zamani ziondoke, kisha mashine huwashwa upya. Tatu, kinga iliyobaki. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo huu una kingavirusi yake ya ndani, ambayo hujizima inapoona kuna nyingine. Ikiwa masjala bado inasema kuwa ile ya zamani ipo, hii ya ndani yaweza kuendelea kulala, na nyumba ikabaki bila mlinzi yeyote huku mwenyewe akidhani ana wawili. Kompyuta inayowaka vizuri isihesabiwe kuwa imepona mpaka jambo hili limehakikishwa.

6.0 Vitendo Vinne vya Kurejesha

Hatua zote zikishindikana, mtumiaji hufika katika ukurasa ambao karibu kila mlango wake unaweza kutafsiriwa kwa neno kurejesha. Kiingereza kina maneno zaidi ya moja kwa vitendo hivi, na mtafsiri mwenye haraka huyapa yote jina moja. Tuyatenge.

6.1 Kurudisha mfumo nyuma. Windows hutunza, ikiwa imeruhusiwa, picha ya masjala na faili zake za mfumo ya siku fulani. Picha hiyo tuiite kituo cha kurudia. Mtumiaji akirudi katika kituo cha kabla ya kingavirusi kukatika, kingavirusi itarudi ikiwa nzima, naye ataweza kuiondoa upya kwa utaratibu. Programu zilizosakinishwa baada ya siku hiyo zitatoweka, lakini picha na barua zake hazitaguswa.

6.2 Kusakinisha mfumo upya. Hapa Windows huondolewa na kuwekwa nyingine mahali pake. Kuna njia mbili: ya kubakiza faili za mtumiaji na kuondoa programu zote alizosakinisha, na ya kuondoa kila kitu. Milango hii miwili hukaa jirani, na tofauti yake ni mali yote ya nyumba. Kitendo hiki kisiitwe kurejesha hata kidogo, maana hakimrejeshei mtu chochote. Wala kisiitwe kuwasha upya, ambako ni kuzima na kuwasha tu.

6.3 Kurejesha faili. Ni kuzitwaa faili kutoka katika nakala ya akiba na kuziweka zilipokuwa. Hapa ndipo neno kurejesha lilipo nyumbani kwake, kama vile kurejesha kitabu maktaba: kitu kilikuwapo, kikatunzwa, kikarudi.

6.4 Kuopoa faili. Ni kujaribu kuzipata faili zilizopotea ambazo hazikuwa na nakala. Faili ikifutwa katika diski ya kawaida, mara nyingi maandishi yake hukaa mpaka yaandikwe mengine juu yake. Kwa hiyo programu maalumu huweza kuyatafuta. Lakini kufaulu hakuna uhakika, na kila dakika mashine inapotumika uwezekano hupungua. Neno kuopoa, tulitumialo kwa kitu kilichozama majini, linabeba yote mawili: juhudi na mashaka. Aliyeambiwa kuwa faili zake zitarejeshwa ana haki ya kuzidai; aliyeambiwa kuwa zitaopolewa anajua kuwa huenda zikaja na maji, na huenda zisije.

7.0 Orodha ya Istilahi Zinazopendekezwa

Hali ya msingi: hali ya kuwaka ambamo mfumo hupakia sehemu za lazima tu.
Kichujio: sehemu ya programu inayokaa katika njia ya data na kukagua kipitacho.
Kiendeshakifaa: programu inayounganisha kiini cha mfumo na kifaa.
Kingavirusi: programu ya kukagua, kuzuia, kutenga na kuua virusi vya kompyuta.
Kituo cha kurudia: picha ya mfumo ya siku fulani inayotunzwa ili kurudiwa.
Kufuta: kutoa faili au folda katika diski, bila zaidi.
Kung'oa: kutoa mabaki ya programu kwa chombo maalumu.
Kuondoa, kusanidua: kutoa programu pamoja na kumbukumbu zake zote katika mfumo.
Kuopoa: kutafuta faili zilizopotea zisizo na nakala.
Kurejesha: kurudisha faili kutoka katika nakala ya akiba.
Kurudisha nyuma: kuupeleka mfumo katika kituo cha kurudia.
Kusakinisha upya: kuondoa mfumo endeshi na kuuweka tena.
Kuumbiza: kuitayarisha diski upya kwa kuandikwa.
Masjala ya mfumo: daftari kuu la mipangilio ya mfumo na programu.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kingavirusi hugoma kuondoka kwa sababu imefanya maskani ndani ya kiini, na kwamba tiba yake ina mpango: kutunza faili, kusakinisha juu ya mabaki na kuondoa, kung'oa katika hali ya msingi, kukagua, na mwisho kabisa kurudisha nyuma au kusakinisha upya. Imeonyeshwa pia kuwa mpango huo hauwezi kufundishwa kwa vitenzi viwili. Mara nyingi hudaiwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Katika jambo hili maneno yapo tele: futa, ondoa, ng'oa, rudisha, rejesha, opoa, yote ya zamani na yote yaeleweka na watu wa kawaida. Kilichokosekana ni kukubaliana kuwa kila moja libaki na kazi yake.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanaistilahi peke yao. Mafundi wa kompyuta, walimu wa shule na watafsiri wa programu wanaombwa kuyapima mapendekezo haya kazini, hasa masjala, hali ya msingi na kuopoa, na kuliandikia jarida hili iwapo wana maneno yaliyo bora zaidi au yaliyokwisha kuzoeleka mahali pao.